Somo la Historia: Mashine Mpya na Kazi ya Zamani

   Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha ya kuwa redio inasikika mpaka nyuma, na kila mtu ana daftari na kalamu.

Leo twasoma historia. Lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya mashine ya kuhesabu iitwayo kompyuta, na jinsi nchi yetu ilivyopata taabu ilipotaka kuhamisha hesabu zake kutoka mashine za zamani kwenda mashine mpya. Mwisho wa somo tutaona ya kuwa jambo hili lamhusu hata mkulima wa kahawa wa Nyakatuntu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Mwalimu wa darasa, andika maneno haya ubaoni: programu, mfumo wa uendeshaji, nakala, kuhamisha. Wasikilizaji, yaandikeni katika daftari zenu. Tutayaeleza moja moja.

GHALA NA MTUNZA GHALA

Fikirini ghala la chama cha ushirika. Kuna jengo lenyewe, yaani kuta, bati, mlango na mizani. Kuna magunia ya kahawa. Kuna watu wanaokuja kufanya kazi: huyu kupima, huyu kuandika, huyu kupakia. Na kuna mtunza ghala. Yeye ndiye mwenye funguo. Yeye ndiye ajuaye gunia la nani liko wapi, nani aingie kwanza, na mizani itumiwe na nani kwa zamu.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Jengo ni chombo chenyewe cha chuma na plastiki, chenye bodi, nyaya na diski ya kutunzia kumbukumbu. Magunia ni kumbukumbu, yaani majina, kilo, fedha na barua. Wafanyakazi ni programu, nazo ni maagizo yaliyoandikwa ili mashine ifanye kazi fulani, kama kujumlisha mishahara au kuandika barua. Na mtunza ghala ni ile programu kubwa iongozayo nyingine zote. Hiyo ndiyo huitwa mfumo wa uendeshaji.

Sasa chama kikijenga ghala jipya, je, kazi imekwisha? La. Mtunza ghala amezoea milango ya ghala la zamani. Funguo zake hazifungui makufuli mapya. Na magunia bado yako kule. Mkiyahamisha usiku, kwa haraka, bila kuhesabu, asubuhi mtagombana. Basi, kubadili mashine kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kununua, nayo ni rahisi mradi fedha ipo. Sehemu ya pili ni kuhamisha kazi, nayo yataka akili, subira na uaminifu. Historia ya leo ni ya watu waliofanya sehemu ya kwanza, wakadhani wamemaliza na ya pili.

MWAKA WA 1964 KATIKA NCHI ZA NG'AMBO

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa kama chumba. Zilipokea maagizo kwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu. Tena kila aina ya mashine ilikuwa na lugha yake. Programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikueleweka kwa nyingine. Kwa hiyo ofisi iliyonunua mashine kubwa zaidi ililazimika kuandika programu zake upya, kazi ya miezi mingi, hata miaka.

Tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine zilizoitwa System/360. Hazikuwa mashine moja, bali ukoo mzima, ndogo na kubwa, zote zikisikia maagizo yale yale. Mteja aliyeanza na ndogo aliweza kupanda kwenye kubwa bila kutupa programu zake. Kampuni ilifanya zaidi ya hapo. Baadhi ya mashine za ukoo huo ziliweza kujifanya kama mashine ya zamani, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi wakati mpya zinaandikwa.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kampuni ya ICT ya Uingereza nayo ilitangaza ukoo wake, ulioitwa 1900. Mwaka wa 1968 kampuni hiyo iliungana na nyingine, ikaitwa ICL. Shikeni jina hilo, maana tutakutana nalo Dar es Salaam.

KOMPYUTA YAFIKA TANZANIA

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Nchi ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka 5 ya uhuru, na Serikali ilikuwa na kazi nyingi za hesabu: mishahara ya watumishi, kodi, na malipo ya kila wizara.

Kabla ya hapo, na hata baadaye, hesabu za Serikali zilifanywa kwa mashine za hesabu za kubonyeza kwa mkono. Mashine hizo zilikuwa za polepole. Lakini karani aliyeketi mbele yake aliona kila tarakimu ikipigwa kwenye karatasi. Ikitokea kosa, aliweza kurudi nyuma, karatasi kwa karatasi, mpaka alione.

Ndipo uamuzi ukafanywa. Hesabu za Serikali ziondolewe kwenye mashine hizo, zitiwe katika kompyuta ya ukoo wa 1900. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nchi nyingi zilifanya hivyo wakati huo. Taabu ilikuwa katika njia ya kuhama.

Uhamisho haukupangwa vizuri. Kazi ya kutunga programu ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na Watanzania wenye ujuzi huo walikuwa wachache sana. Mtaalamu mgeni aliijua mashine, lakini hakuzijua vizuri desturi za ofisi zetu. Makarani wetu walizijua desturi za ofisi, lakini hawakuijua mashine. Kati ya hao wawili palikuwa na shimo, na hesabu za nchi zikaanguka humo.

Matokeo yalikuwa mabaya. Serikali ilipoteza udhibiti wa hesabu zake. Maana yake nini kupoteza udhibiti? Si lazima fedha iwe imeibwa. Maana yake ni kwamba anayeulizwa, "Wizara hii imetumia kiasi gani, na imebakiwa na nini?" hawezi kujibu kwa hakika. Na asiyejua alichobakiwa nacho hawezi kupanga shule wala zahanati, wala hawezi kumkamata mwizi akiwepo.

Mwishowe Hazina ikarudi kwenye mashine za zamani, zile za polepole. Nchi ilikuwa imelipa mara mbili. Ililipa kununua kitu kipya, ikalipa tena kukirudia cha kale.

Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo. Waulize wanakisomo: kwa nini makarani waliweza kuliona kosa kwenye mashine ya zamani, lakini si kwenye mpya?

KATAZO LA MWAKA WA 1974

Kufikia mwaka wa 1974 kulikuwa na kompyuta 7 tu katika nchi nzima. Mwaka huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake kutoka nje. Ofisi iliyoihitaji kweli ilipaswa kuomba ruhusa maalum. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mashine hizi zilikuwa zimekwisha kuonyesha ya kuwa zaweza kuleta hasara.

Watu hawakubaliani juu ya katazo hilo mpaka leo. Wengine husema lilikuwa la busara, maana mtu aliyeungua hujifunza kuuogopa moto. Wengine husema liliirudisha nchi nyuma, maana wakati majirani walikuwa wakijifunza kwa kukosea, sisi tulikuwa tumekaa nje ya mlango. Ruhusa zilizidi kutolewa katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mlango ukafunguka. Mwaka wa 2003 nchi ilipata sera yake ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano, mambo ambayo kwa kifupi twayaita TEHAMA.

Lakini lililo muhimu kwetu ni hili. Kosa la kwanza halikuwa la chuma. Mashine za ukoo wa 1900 zilifanya kazi nzuri katika nchi nyingine. Kosa lilikuwa kuhamisha kazi bila maandalizi, na bila wenye kazi kushika usukani.

Na twajua hivyo kwa sababu jambo lile lile lilijaribiwa tena baadaye, kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilianza upya kutia hesabu zake katika kompyuta. Safari hii ilianza na wizara chache, kisha ikaenea taratibu. Watumishi walifundishwa. Leo malipo ya Serikali hupita katika mfumo wa kompyuta, na hakuna anayefikiria kurudia mashine za kubonyeza. Nchi ni ile ile, na kazi ni ile ile. Njia ya kuhama ndiyo iliyobadilika.

MASHINE YA MEZANI

Sasa tuje karibu na nyumbani. Siku hizi kompyuta si kubwa kama chumba. Yakaa mezani, hata mapajani. Iko shuleni, zahanatini, katika ofisi ya kata na katika chama cha ushirika. Nyingi huja zikiwa zimetumika kwanza mahali pengine. Na kila baada ya miaka kadhaa shida ile ya Hazina hurudi, ila kwa umbo dogo.

Sikilizeni mfano. Mfumo wa uendeshaji uitwao Windows XP ulitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka wa 2001. Tarehe 8 Aprili 2014 kampuni iliacha kuutengenezea viraka vya kuziba matundu wapitamo wezi na virusi. Mwingine uitwao Windows 10 ulitolewa mwaka wa 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wake wa kawaida ukakoma. Uliofuata, Windows 11, ulitolewa mwaka wa 2021. Huo wataka mashine yenye prosesa ya karibuni, na kifaa maalum cha kutunza funguo za siri. Mashine nyingi nzima, zenye nguvu ya kuandika barua na kujumlisha hesabu, hazina kifaa hicho.

Hapo mwenye mashine ana njia tatu. Aweza kununua mashine mpya. Aweza kubadili sehemu za ndani, kama bodi na prosesa. Au aweza kuibakiza mashine ile ile na kumwajiri mtunza ghala mwingine asiyedai mengi. Mmoja wao huitwa Linux. Hutolewa bure, na kuna aina yake moja iitwayo Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za kule kusini, na maana yake ni utu. Msemaji wa Kinyambo hatahitaji kutafsiriwa. Mwaka huo huo wa 2004 programu ya ofisi inayosema Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, ilitolewa kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden.

Njia yoyote atakayochagua, lazima ahame. Mafundi wa mjini huita kazi hii "kupiga Windows". Ni kazi ya saa chache, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jambo jepesi hufanywa bila kufikiri. Fundi akisimika mfumo upya katika diski ile ile, mara nyingi diski hufutwa. Kilichokuwamo hupotea. Na akiichukua diski ya zamani na kuitia katika mashine mpya, yawezekana mtunza ghala wa zamani asiitambue nyumba mpya, na mashine ikakataa kuwaka.

KILO ZA MKULIMA

Chukueni chama cha ushirika cha msingi. Mkulima huleta kahawa yake ya maganda, hupimwa, na kilo zake huandikwa. Hulipwa malipo ya kwanza. Baadaye, kahawa ikiuzwa vizuri, chama huweza kutoa malipo ya pili. Malipo hayo ya pili hufuata nini? Hufuata kilo zilizoandikwa. Kama kilo hizo zimo katika kompyuta, na kompyuta imebadilishwa, na fundi amefuta diski, mkulima ataonyesha nini? Kahawa yake imekwisha kusafiri. Haiwezi kurudi kujishuhudia.

Basi tujifunze kwa Hazina. Andikeni mambo haya matano.

La kwanza: kabla ya fundi kugusa kitu, fanyeni nakala ya kumbukumbu zote. Nakala ni mfano kamili wa kitu. Iwekwe katika diski nyingine, na ya pili itunzwe jengo jingine. Nakala iliyo ndani ya mashine ile ile si nakala, maana nyumba ikiungua vyote huungua.

La pili: ifungueni nakala katika mashine nyingine mwone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni kama mwavuli uliofungwa. Hujui kama una matundu mpaka mvua inyeshe.

La tatu: andikeni katika karatasi programu zote zinazotumika, pamoja na namba za leseni na maneno ya siri, na karatasi hiyo ifungiwe sandukuni. Baadhi ya leseni zimefungwa kwenye bodi ya mashine, hivyo bodi ikibadilishwa yafaa kuuliza mapema kama leseni itahama.

La nne: kwa muda fulani, mashine mbili zifanye kazi pamoja. Kilo za mkulima ziandikwe katika ya zamani na katika mpya, na jumla zilinganishwe kila jioni. Zikitofautiana, tafuteni sababu siku hiyo hiyo. Hii ni taabu, nami sikatai. Lakini ni taabu ya majuma machache, na hasara ya kuikwepa yaweza kuwa ya miaka. Msifunge daftari la zamani mpaka jipya limethibitika.

La tano: mwenye kazi awepo. Fundi ajua mashine, lakini karani ndiye ajuaye kwamba katika orodha kuna wakulima wawili wenye jina moja, na kwamba kilo fulani zilisahihishwa mwezi wa Julai. Karani asiondoke chumbani wakati wa kuhamisha. Naye afundishwe mashine mpya kabla ya mashine ya zamani kuondolewa, si baada.

Mwaka wa 2012 wilaya ya Kyerwa iligawanywa kutoka wilaya ya Karagwe. Watu hawakuhama. Migomba ilibaki pale pale, na makaburi ya wazee yalibaki pale pale. Lakini ofisi ikawa mpya. Mtu aliyekuwa na shauri lake katika ofisi ya zamani hakutaka kuambiwa, "Hapa hatukujui." Alitaka historia yake imfuate. Na kumbukumbu za mtu katika kompyuta ni hivyo hivyo. Mashine yaweza kuwa mpya, lakini kilo za mkulima, alama za mtoto shuleni na kadi ya mgonjwa si mpya. Ni za mtu, na yampasa aliyeaminiwa kuzitunza azifikishe zilivyo.

Kwa hiyo, mwanakisomo, usiseme, "Mimi sijui kompyuta, hayanihusu." Siku utakaposikia mkutanoni kwamba chama kimenunua mashine mpya, nyosha mkono. Uliza, "Nakala iko wapi? Imejaribiwa? Ya zamani itazimwa lini?" Maswali hayo hayahitaji shahada. Yangeulizwa kwa nguvu pale Hazina, huenda historia ya leo ingekuwa nyingine. Tena tunza risiti yako. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza kabisa, na yakaa mkononi mwako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mashine, programu na kumbukumbu. Tumia mfano wa ghala, au mfano wako mwenyewe.

2. Kwa nini Hazina ilirudi kwenye mashine za zamani? Taja sababu mbili.

3. Je, katazo la mwaka wa 1974 lilikuwa la busara? Darasa ligawanyike pande mbili, kila upande utoe hoja zake.

4. Kilo 340 zimeandikwa katika mashine ya zamani, na kilo 304 katika mpya, kwa mkulima mmoja. Kosa laweza kuwa nini? Mtafanya nini kabla ya kumlipa?

5. Andika sentensi tatu za kusema katika mkutano wa chama juu ya kutunza kumbukumbu.

Mwalimu wa darasa atasimamia majadiliano na kuandika majibu ubaoni. Wale walioanza kuandika hivi karibuni waandike swali la tano tu, nao wenzao wawasaidie.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Someni tena kurasa hizi nyumbani, mkiwasomea na majirani ambao hawakufika. Kwaherini.